Kozi ya Wasimamizi wa Nyumba za Ushirika Ianzie kwenye Daftari na kwenye Koki

Barua ya mwaliko wa mafunzo ikifika kwenye chama cha ushirika wa nyumba, mara nyingi hutaja watu watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanakwenda, wanalala hotelini, wanarudi na begi lenye nembo ya mfadhili na cheti cha kutundika ukutani. Fundi anayejua koki kuu ya maji iliko hakualikwa. Binti anayepokea michango kila mwisho wa mwezi na kuandika risiti naye hakualikwa. Bodi ikibadilika kwenye mkutano mkuu unaofuata, wale watatu wanaondoka na walichojifunza, na chama kinabaki pale pale kilipokuwa.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndipo kozi nyingi zinapoharibika, mwalimu hata hajafungua mdomo. Nyumba zinazojengwa na kuendeshwa bila kumtafutia mtu faida hupata msukumo mkubwa wakati wa ujenzi. Fedha hutafutwa, wahandisi huja, kiongozi wa serikali hukata utepe. Shida huanza miaka inayofuata, wageni wakishaondoka. Paa halipakwi rangi, pampu inakufa, wachache wanaacha kuchangia na wengine wanawafuata, na mwishowe kila mwenye uwezo anajichimbia kisima chake. Kama wewe ni kiongozi wa chama, afisa ushirika, au unafanya kazi kwenye shirika linalosaidia makazi ya watu wa kipato cha chini, na umekabidhiwa kazi ya kuandaa mafunzo ya wasimamizi, nina mambo ya kukushauri.

Nani akae darasani

Andika kazi kwanza, vyeo vije baadaye. Chukua karatasi uorodheshe kila kinachofanyika katika makazi yenu kwa mwezi mmoja. Nani anapokea fedha? Nani anaandika risiti, na nani anapeleka benki? Nani anapokea malalamiko, nani anamwita fundi, nani anaikagua kazi ya fundi kabla hajalipwa? Nani anashika ufunguo wa chumba cha pampu? Mbele ya kila kazi weka majina mawili, la anayeifanya sasa na la atakayeishika mwenzake akiugua au akihama. Hao ndio wanafunzi wako.

Orodha ya namna hii mara nyingi hutoa watu ambao hawajawahi kuitwa kwenye semina yoyote. Utakuta mama anayefagia ngazi ndiye anayejua ni nyumba zipi hazina watu na zipi zimepangishwa kinyume cha masharti. Mwite. Ongeza na mwanachama mmoja asiye na cheo chochote, maana huyo atauliza swali ambalo viongozi wanaona haya kuliuliza. Na kwa kila kazi wafundishe wote wawili pamoja, kwenye benchi moja, ili mmoja akisahau mwenzake amkumbushe.

Kuna suala la posho, nami nitalisema wazi. Walipe nauli, wape chakula kizuri, na kama mtu anapoteza kibarua cha siku hiyo mfidie. Ila usiinunue mahudhurio. Siku posho inapokuwa kubwa kuliko somo, viti vinajaa jamaa za viongozi, na yule binti wa risiti anaachwa tena nyumbani.

Mahali pa kufundishia pawe kwenye makazi yenyewe, chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa chama kama upo. Hotelini hakuna paa lenu, hakuna mita yenu, hakuna jirani yenu anayedaiwa. Jumamosi nne mfululizo, nusu siku kila moja, zinafaa kuliko wiki moja ya mfululizo, kwa kuwa kati ya Jumamosi na Jumamosi watu wanarudi kazini na somo mkononi, wanalijaribu, kisha wanarudi na maswali.

Usikubali kozi ya SACCOS iliyobadilishwa jina

Wakufunzi wa ushirika tunao, tena wazuri. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kenya wana Chuo Kikuu cha Ushirika kule Karen, Nairobi, na wana NACHU, muungano wa vyama vya ushirika wa nyumba ulioanzishwa mwaka 1979. Tanzania tuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika, maafisa ushirika kwenye halmashauri, na COASCO, shirika la ukaguzi lililoundwa mwaka 1982, ambalo wakaguzi wake wameona vitabu vya kila namna. Waombe waje. Lakini kabla hujakubaliana na mwalimu yeyote, mwulize swali moja: somo lake linasemaje kuhusu matengenezo ya jengo? Kama hana jibu, basi ana kozi ya kuweka na kukopa, na hiyo peke yake haikutoshi.

Mali ya SACCOS ni fedha. Mkopo ukirejeshwa na riba yake, hesabu inafungwa. Nyumba haifungwi hivyo. Inazeeka kila siku, iwe imelipiwa au haijalipiwa, na anayedaiwa ni mtu mnayepishana naye kwenye ngazi na kukaa naye mkeka mmoja msibani. Chama cha nyumba kinahitaji mtu anayeweza kusoma mizania asubuhi, kupanda darini mchana, na jioni kubisha hodi kwa mzee aliyekwama miezi mitatu. Ni stadi tatu tofauti, na kozi nyingi hufundisha ile ya kwanza tu.

Kazi hii ina historia ndefu ya kufundishwa, na mwalimu akiisimulia kidogo wanafunzi wanainua vichwa. Mwaka 1865, mwanamke aitwaye Octavia Hill alianza kusimamia nyumba za maskini eneo la Marylebone, London. Nyumba zilinunuliwa na mwandishi John Ruskin, aliyetaka faida ya asilimia 5 tu kwa mwaka. Hill alikuwa akizunguka kila wiki kukusanya kodi, na humo humo anaingia ndani, anaangalia kilichovunjika, anasikiliza. Kilichozidi baada ya gharama na ile asilimia 5 kilirudi kwenye nyumba, na wapangaji walikuwa na kauli juu ya kitengenezwe nini. Nyumba zilipoongezeka, aliwafundisha wanawake wengine kazi hiyo kwa kuwatembeza naye nyumba kwa nyumba. Alikuwa mkali kwa wapangaji, na misimamo yake mingine leo isingekubalika. Hata hivyo safari yake moja ilibeba mambo mawili, fedha na ukarabati, na hapo ndipo ilipochimbuka taaluma ya usimamizi wa nyumba kama inavyojulikana Uingereza leo. Ukiyatenganisha mambo hayo mawili kwenye kozi yako, mtu wa fedha hatajua kwa nini watu hawalipi, na mtu wa majengo hatajua kwa nini hakuna fedha.

Fedha ndizo zichukue muda mwingi

Somo la fedha ningelipa nusu ya muda wote wa kozi, na nisingegusa kitabu cha mfano kutoka kwenye chama kingine. Waambie waje na vitabu vyao wenyewe: daftari la fedha taslimu, vitabu vya risiti, hati za malipo, taarifa za benki za mwaka mmoja, orodha ya miamala ya lipa namba kama wanapokea kwa simu, na orodha ya nyumba zote na wenyewe. Vitabu visipokuja, au vikija nusu, hilo lenyewe ni somo la asubuhi ya kwanza. Kaeni mjue viko kwa nani.

Chagueni mwezi mmoja. Chora safu tatu ubaoni: namba ya nyumba, kilichostahili kulipwa, kilichopokelewa. Waache wenyewe wajaze. Vyama vingi vinajua vilichopokea, kwa kuwa risiti zipo, lakini hakuna mahali palipoandikwa kilichostahili kupokelewa. Hapo ndipo malimbikizo yanapojificha mpaka yanakuwa makubwa mno kudaiwa bila ugomvi.

Kisha fanyeni hesabu ya chama cha kubuni, chenye ukubwa unaokaribiana na wenu. Chukua nyumba 40, kila moja inachangia shilingi 30,000 kwa mwezi. Kinachostahili ni 1,200,000. Walinzi wanachukua 560,000, umeme wa pampu 150,000, usafi na taka 140,000, gari la kunyonya majitaka wastani wa 110,000 kwa mwezi, na benki, karatasi na vocha 20,000. Jumla ya matumizi ni 980,000. Inabaki 220,000, na mweka hazina anatembea kifua mbele. Sasa futa nyumba 10 ambazo hazijalipa. Mapato yanashuka hadi 900,000, na chama kina pengo la 80,000 kila mwezi. Hakuna mtu aliyeiba. Hakuna kikao kilichoamua vibaya. Robo ya wanachama wamechelewa, basi, na tayari mnaishi kwa kula akiba.

Endelea hapo hapo. Pampu mpya pamoja na kufunga, tuseme ni 2,640,000. Kama kila mtu angelipa na ile 220,000 ikawekwa kando bila kuguswa, pampu ingepatikana baada ya miezi 12 kamili. Waulize wanafunzi pampu yao ya sasa ina umri gani. Ukimya unaofuata swali hilo huwafundisha zaidi ya saa nzima ya maelezo, na baada yake hutahitaji kumshawishi mtu kwamba akiba ya matengenezo ni lazima iwe na akaunti yake, yenye watia saini wake, mbali na fedha za kula na kunywa za kila mwezi.

Mfundishe kila mmoja, hata asiyekuwa mtu wa fedha, kufanya usuluhishi wa benki: kuoanisha kilicho kwenye daftari na kilicho kwenye taarifa ya benki, na kueleza kila tofauti. Kazi yenyewe haihitaji shule kubwa, inahitaji uvumilivu. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika vitabu, na anayeandika vitabu asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Chama kidogo kitakwambia hakina watu wa kutosha. Watu wapo, ndio wale uliowaandika kwenye safu ya pili ya orodha yako.

Na somo lote litolewe kwa Kiswahili cha kawaida. Nimewaona watu wazima wenye akili pevu wakinyamaza siku nzima kwa sababu mkufunzi alimwaga maneno ya kihasibu ya Kiingereza. Mtu yule yule, ukimwuliza nani anatudai, sisi tunamdai nani, na tumebaki na nini, anakupangia mizania kwa kalamu ya risasi bila kusita.

Tembeeni na fundi

Jumamosi ya pili funga madaftari, mtoke nje. Wagawe wanafunzi makundi ya watu wanne, kila kundi na fundi au mtu anayejua jengo. Kila kundi liandike mambo manne: tulichokiona, kinachosababisha, ni jukumu la mkazi au la chama, na lishughulikiwe kabla ya lini.

Kile cha pili, kinachosababisha, ndicho kigumu. Chukua doa la unyevu kwenye kona ya dari ya chumba cha chini. Wanafunzi watasema lipakwe rangi. Fundi awazungushe nyuma ya nyumba. Pale juu kiungio cha mfereji wa paa kimeachana kwa upana wa kidole, na mvua ikinyesha maji yanatambaa ukutani badala ya kwenda kwenye bomba. Chini yake mtu amerundika udongo wa bustani hadi juu ya msingi, na kila siku anamwaga hapo maji ya kufulia. Ukuta unanyweshwa kutoka juu na kutoka chini. Kuunga mfereji na kuondoa udongo ni kazi ya asubuhi moja, na rangi ingedumu hadi masika tu.

Hapo pana kisa cha kuwasimulia, nacho ni cha kweli. Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ukaonyesha kuwa kilisababishwa na ukungu uliojaa kwenye nyumba ya kupanga ya shirika lisilo la faida. Baba yake alikuwa ameripoti ukungu tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Miaka mitatu kabla ya kifo hicho, tarehe 14 Juni 2017, moto ulikuwa umeteketeza jengo la Grenfell Tower mjini London na kuua watu 72, na baadhi ya wakazi walikuwa wamelalamikia usalama wa jengo hilo kabla. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2023 inawataka mameneja waandamizi wa nyumba za jamii wawe na sifa ya kitaaluma inayotambuliwa, au wawe wanaisomea. Nchi ile tajiri, yenye wataalamu tele, ilijifunza kwa maiti kwamba kumsikiliza mkazi anayelalamika ni kazi inayohitaji mtu aliyefundishwa.

Kwa hiyo daftari la malalamiko liwe sehemu ya kozi. Tarehe, nyumba, tatizo, nani amepewa, lini limekwisha, na saini ya mkazi kwamba limekwisha kweli. Saini ya mkazi, maana fundi huona kazi imekwisha siku aliyoondoka, na mkazi huona siku mvua iliponyesha.

Kutoka kwenye matembezi hayo tengenezeni kalenda ya mwaka. Mifereji isafishwe Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na tena Septemba kabla ya vuli. Mabati yaliyo karibu na bahari yakaguliwe kutu mara nyingi zaidi, chumvi haisubiri. Tangi la maji lioshwe. Chemba zifunguliwe zikaguliwe kabla hazijafurika. Makazi yenye mfumo wake wa pekee yanahitaji somo lake. Kule Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, watu walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji, waliweka akiba kidogo kidogo kupitia shirikisho lao la maskini wa mijini, wakanunua ekari 30 na kujenga makazi, pamoja na mfumo wao wa kusafisha majitaka kwa njia ya mimea. Watu waliofika mbali hivyo kwa akiba zao wanastahili mwalimu anayejua mfumo ule unavyopumua, nani aukate majani na lini. Mkufunzi aliyekuja na slaidi za jumla hatawasaidia kwa hilo.

Kumdai jirani

Hili ndilo somo ambalo wengi hulikimbia, na bila hilo mahesabu yote ya ubaoni ni kazi bure. Liigizwe. Mmoja awe mkusanyaji, mwingine mdaiwa, wengine watazame. Nitakupa mfano wa namna nzuri.

“Hodi. Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Asante mama. Habari za tangu asubuhi? Nimepita kuhusu mchango wa nyumba. Naona miezi miwili haijaingia, nikasema nije mwenyewe kabla ya kikao, nisije nikaandika jambo bila kukusikiliza.”

“Mwanangu, tangu walivyotuhamisha pale sokoni biashara haijasimama.”

“Pole sana mama. Sasa mwezi huu ungeweza kuanza na kiasi gani, ili tuandike mpango tuutie saini mimi na wewe?”

Waulize watazamaji wameona nini. Amekuja mapema, mwezi wa pili, kabla deni halijawa mlima. Amekuja nyumbani, hakumsimamisha dukani mbele za watu. Ametaja kiasi cha muda bila kulaumu. Ameomba kianzio na maandishi. Kisha waigize tena, safari hii mdaiwa awe mkali, au awe na uwezo na analeta jeuri, maana huyo naye yupo katika kila chama, na kumpa mpango wa taratibu kama wa mjane ni kuwavunja moyo wanaolipa.

Kuna ugumu wetu wenyewe ambao kozi za nje hazitautaja. Mkusanyaji mara nyingi ni kijana, na mdaiwa ni mzee wa rika la baba yake. Kijana anaona haya, anaahirisha, miezi inapita. Suluhisho lililo jepesi ni kwenda wawili, kijana na mtu mzima mmoja wa bodi, na barua itangulie siku chache kabla ili mzee asishtukizwe. Mtu mzima ndiye aanze mazungumzo, kijana afungue daftari.

Wafundishe pia mipaka. Majina ya wadaiwa yasitundikwe getini wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto wake halipi, anatafuta namna ya kulipiza. Kung'oa mlango, kuezua bati au kumkatia maji mwenye mtoto mchanga kusifikiriwe hata kidogo. Hatua za mwisho zipo kwenye masharti ya chama na kwenye vyombo vya sheria, na zifuatwe kwa maandishi, moja baada ya nyingine.

Sheria, kwa kifupi

Usiipe sheria siku nzima. Kila mwanafunzi awe na nakala ya masharti ya chama chake, na asome kwa sauti vifungu vya uanachama, michango, mkutano mkuu na kuondolewa. Kwa Tanzania, wajue Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inadai nini kwao: ukaguzi wa hesabu kila mwaka, na kwamba chama hakikopi zaidi ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Kama nyumba ni za ghorofa, waelewe umiliki wa sehemu ya jengo, ambao Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008 na Kenya ya mwaka 2020. Swali la kuliweka mezani ni hili: paa, ngazi na bomba kuu ni mali ya nani? Kama watu wa ghorofa ya chini wanaamini paa ni la wa juu, hamna fungu la paa, na hilo mlimalize kwa maandishi kabla bati halijavuja.

Manunuzi yapite haraka vilevile. Bei tatu zilizoandikwa, anayehusiana na mzabuni atoke chumbani, malipo ya mwisho yasubiri mkaguzi aone kazi. Kila mtu anazijua kanuni hizi. Kinachohitaji mazoezi ni kumwambia mwenyekiti atoke chumbani kwa sababu fundi ni shemeji yake, kwa hiyo nalo liigizeni.

Cheti kitoke baadaye

Usigawe vyeti Jumamosi ya mwisho. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kufanya ndani ya miezi mitatu: mweka hazina alete jedwali la kilichostahili na kilichopokelewa, fundi na msaidizi wake walete kalenda iliyoanza kufuatwa, mkusanyaji alete mipango mitatu ya malipo iliyotiwa saini, katibu alete muhtasari wa mkutano ambamo hesabu zilisomwa kwa wanachama wote. Kanuni ya tano kati ya saba za ushirika duniani inahusu elimu, mafunzo na taarifa, na yote matatu yako humo: aliyejifunza anatenda, kisha anawaeleza wenzake.

Baada ya miezi hiyo rudi, au umtume afisa ushirika. Omba madaftari, ukae uyasome kabla ya kupokea soda. Angalia miandiko. Kama mwandiko ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yule mtu wa pili hajajifunza bado, na siku hiyo yeye ndiye akalie kiti cha mbele aandike huku mwenzake akimtazama. Angalia kama kuna lalamiko lililofungwa bila saini ya mkazi, mwende mkagonge mlango huo pamoja. Wanaostahili vyeti wape hapo, mbele ya wanachama wenzao.

Kabla hujaondoka, fungueni makisio ya mwaka ujao muweke mstari wa mafunzo: nauli, chakula, karatasi, malipo ya mkufunzi wa nje kwa siku moja au mbili, na ujira wa fundi wa makazi kwa siku atakayoacha kazi zake ili awafundishe wengine.